Picha ya Kifundo cha Bi. Zuhura

Kwanza niweke kumbukumbu sawa. Sikumpiga daktari kofi. Habari hiyo imezunguka wodini, kantini na kwenye vikundi vya simu vya wanafunzi, na kila inapozunguka kofi linaongezeka. Mara ya mwisho nilipoisikia, nilikuwa nimempiga mawili na miwani yake imevunjika. Daktari Elia hajawahi kuvaa miwani. Nilichofanya ni kumshika mkono wa koti lake jeupe, mbele ya wagonjwa, na kumtoa katika chumba chake cha kliniki hadi chumba cha eksirei. Hilo nalikiri, na likitokea tena leo nitalifanya tena.

Nimestaafu na ninaishi Pugu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilipiga picha za mionzi katika hospitali moja ya upande wa Temeke, ambayo sitaitaja kwa sababu makosa nitakayoyasimulia yalikuwa ya watu, si ya jengo. Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza nanyi, wanafunzi wa udaktari, juu ya namna fizikia inavyotumika hospitalini. Nilivaa tai. Nilipofika kwenye suala la umbali, kijana mmoja wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono.

“Mzee, samahani lakini. Fizikia si tuliiacha kidato cha sita? Sie tunaandika tu ombi, mafundi wenu wanapiga.”

Mkacheka. Mwalimu wenu naye akatabasamu. Nilikunja karatasi zangu nikaketi, na wenye heshima miongoni mwenu wakadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira kiasi cha kushindwa kusema, na mtu asiyeweza kusema inambidi aandike. Yasomeni basi. Ni habari ya mwanamke aliyekaribia kuitoa mimba yake kwa sababu ya picha ya kifundo cha mguu, na ya daktari msomi aliyemwambia afanye hivyo.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Kalinga, Mungu amrehemu. Alinipokea nikiwa na cheti kipya na kiburi kipya. Wakati ule picha zilisafishwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza, na wiki yangu ya kwanza nilifungua mlango wa chumba hicho kumuuliza kama anataka chai. Boksi zima la filamu likaungua kwa mwanga. Nilisubiri matusi. Mzee Kalinga alizitazama zile filamu nyeusi tii, akasema taratibu, “Chai nataka. Ila leo wagonjwa watakaorudishwa, utawaeleza wewe mwenyewe kwa nini, mmoja mmoja, wala usiseme mashine imeharibika.” Niliwaeleza. Mama mmoja aliyetoka Kisarawe kwa miguu ya kuazima, yaani magongo ya jirani, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Kwa hiyo wewe ndo mashine iliyoharibika?” Sijafungua mlango wowote bila kugonga tangu siku hiyo.

Mzee Kalinga alinifundisha umbali kwa jiko la mkaa. Alinisimamisha hatua moja kutoka kwenye jiko la mama lishe aliyekuwa nyuma ya jengo letu, akaniambia nikumbuke joto lake usoni. Kisha akanirudisha hatua ya pili. “Umeongeza umbali mara mbili,” akasema. “Joto limebaki nusu?” Nikasema ndiyo. “Hapana. Limebaki robo. Ukienda hatua tatu, linabaki fungu moja kati ya tisa. Na mionzi ni hivyo hivyo, isipokuwa yenyewe huisikii usoni, kwa hiyo inakubidi uisikie kichwani.” Mama lishe akatufukuza kwa mwiko kwa kuwa tulikuwa tunamzibia wateja. Somo lilichukua dakika tatu, na kuna madaktari bingwa ambao hadi leo hawalijui.

Kitu cha pili alichonifundisha ni daftari. Kila picha iliandikwa: tarehe, jina pamoja na mtaa na simu ya mgonjwa, sehemu ya mwili, nguvu ya umeme iliyotumika, muda, idadi ya picha pamoja na zilizorudiwa, tarehe ya hedhi ya mwisho kwa mwanamke, na sahihi ya aliyepiga. Mitambo ya kompyuta ilipokuja, vijana walinicheka kwa kuendelea kuandika kwa mkono. “Mzee, si ipo kwenye sistimu?” Ndiyo, ipo, mpaka siku mtandao ukikatika na mgonjwa amesimama mbele yako.

Niseme na hili, maana linanikera. Nimewasikia kwa masikio yangu wanafunzi wa mwaka wa nne wakimwambia mjamzito kwamba altrasaundi ni “mionzi kidogo”. Altrasaundi ni sauti! Ni sauti nyembamba kupita uwezo wa sikio, inatumwa, inagonga, inarudi, na kompyuta inachora kutokana na mwangwi. Popo anajua jambo hilo bila kwenda chuo kikuu. Mmemtisha mama wa watu, karudi nyumbani, hakurudi tena kliniki, na ninyi mmekwenda kula chipsi. Siyo kosa dogo. Daktari asiyejua kifaa chake kinafanya nini hatibu, anatangaza tu maneno aliyoyasikia.

Sasa nije kwa Bi. Zuhura.

Alikuwa mwanamke mwenye umri mdogo, muuza nyanya katika soko la Mabibo, anaishi Yombo na mume wake pamoja na mama mkwe. Aliteleza bafuni nyumbani, kifundo cha mguu wa kulia kikavimba. Aliletwa na mama mkwe huyo, Bi. Mwanahawa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng’ambo ya barabara. Nilimpiga picha mimi mwenyewe. Mbili: moja ya mbele, moja ya ubavu. Mfupa haukuvunjika.

Hapa ndipo ninapaswa kujishtaki, na sitajihurumia. Katika safu ya saba, ile ya hedhi, nilichora kistari. Sikumuuliza. Bi. Mwanahawa alikuwa amesimama pale pale ameshika mkoba, na mwanamume wa makamo kumuuliza mke wa watu habari za siku zake mbele ya mama wa mumewe ni jambo ambalo kwetu halitamkiki. Wapiga picha wote niliofanya kazi nao walikuwa na ule mtindo: mkwe akiwepo, piga kistari, endelea. Tuliuita adabu. Na kwa kuwa ni kifundo tu, nilijua haina madhara, basi adabu yangu ikanitosha. Ningeweza kumtoa mama mkwe nje kwa sentensi moja ya heshima. Sikufanya hivyo, na kistari changu kikabaki kwenye fomu yake kama kilivyobaki kwenye daftari.

Wiki chache baadaye nilikuwa ninapanga kaseti, yale makasha ya kunasia picha, pale dirishani. Nilisikia sauti kabla ya kumwona mwenye sauti.

“Ndo huyu! Ndo huyu mzee mwenyewe aliyempiga!”

Alikuwa Bi. Mwanahawa. Nyuma yake Zuhura, macho yamevimba, mtandio umeteremka begani na hana habari nao.

“Shikamoo,” Zuhura akasema, kwa mazoea tu.

“Usimwamkie!” mkwewe akamkata. “Mzee, wewe una watoto? Una wajukuu? Umempiga mwanangu mionzi yako na ana mimba, na hukumuuliza! Dokta kasema mtoto atatoka hana viungo. Kasema itolewe mapema kabla haijakua. Mume wake yuko kwenye lori, hata hajui kama atakuwa baba. Kesho asubuhi tumeshaambiwa pa kwenda. Nimekuja nikuone uso, basi.”

“Dokta gani amesema hivyo?”

“Yule kijana wa kliniki, chumba cha tatu. Kasoma kwenye fomu yako, kasema, ‘Ona, hapa pana kistari, hakuulizwa huyu.’”

Nilimgeukia Zuhura. Nilimuuliza kitu kimoja tu: yeye mwenyewe anataka nini.

Alitazama sakafu. “Tumeitafuta miaka minne, mzee,” akasema.

Nilichukua daftari, nikawaomba wanifuate. Chumba cha tatu alikuwemo Daktari Elia, mwaka wake wa kwanza wa mazoezi baada ya kuhitimu, kijana mwerevu, mwenye Kiswahili kizuri na alama nzuri. Mgonjwa alikuwa anatoka. Wanafunzi wawili walikuwa wameketi pembeni wakijifunza kutoka kwake, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

“Dokta, umemwambia huyu mama nini?”

“Mzee wangu, shikamoo. Nimemshauri. Amepigwa eksirei akiwa na mimba changa. Mionzi ni mionzi.”

“Amepigwa wapi?”

“Ndiyo hivyo, amepigwa eksirei...”

“Nimekuuliza wapi. Mwili una sehemu. Ulisoma anatomia, nadhani.”

Akafungua faili. “Kifundo cha mguu.”

“Na mimba iko wapi?”

Mwanafunzi mmoja akacheka, akajikohoza. Elia akashikilia msimamo. “Mzee, sitaki kubishana. Mimi nimechukua tahadhari. Mionzi haina kiwango salama, mionzi ni mionzi.”

“Na chumvi ni chumvi?” nikamuuliza. “Mbona leo mchana umetia kwenye mboga yako ukala? Kula gunia basi, si chumvi ni chumvi!”

Hapo ndipo nilipomshika mkono wa koti nikamvuta hadi chumba cha eksirei, wengine wakitufuata. Hapo, wala si mahali pengine, na kofi halikuwepo.

Mzee Kalinga alipostaafu aliniachia kalamu yake ya kupimia mionzi. Ni kifaa cha zamani, umbo kama kalamu nene; ukiielekeza kwenye mwanga na kuchungulia ndani, unaona vipimo na unywele mmoja mwembamba umesimama kwenye sifuri. Ikipata mionzi, unywele unasogea. Vijana waliiita takataka. Nilikuwa naipeleka kukaguliwa kila ulipofika wakati wake, na hati zake ninazo hadi leo.

Nilijaza maji ndoo, nikaiweka mezani pale pale alipokuwa ameketi Zuhura siku ile. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji; ndoo si mtu, lakini kwa mionzi inatosha kuwa tumbo la kuazima. Mahali pa kifundo nikalaza chupa ya maji. Kalamu nikaifunga kwa plasta ubavuni mwa ndoo, upande unaoelekea chupa. Nikasoma daftari kwa sauti: nguvu ya umeme ile ile, muda ule ule; na mwali wa mionzi nikaufunga tena utoshe kifundo tu, kama siku ile. Wote nikawaweka nyuma ya ukuta wenye kioo cha madini ya risasi yanayozuia mionzi, pale ambapo hata mfanyakazi mwenye mimba huruhusiwa kusimama.

“Zuhura alipigwa picha mbili,” nikasema. “Mimi nitapiga tano.”

Nilipiga tano. Nikaleta kalamu. Elia akachungulia kwanza. Wanafunzi wakachungulia. Kisha Zuhura.

“Unywele uko wapi?”

“Kwenye sifuri.”

“Haujatikisika?”

“Hata kidogo, mzee.”

Bi. Mwanahawa akanyang’anya kalamu. “Mbovu hii. Kitu cha tangu enzi za mkoloni hiki, kimekufa.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na ndilo swali ambalo daktari alipaswa kuliuliza na hakuliuliza. Nikaitoa kalamu kwenye ndoo, nikailaza juu ya chupa, ndani ya mwali wenyewe. Nikapiga tano nyingine. Safari hii unywele ulikuwa umesogea, na Bi. Mwanahawa aliuona kwa jicho lake.

“Umesogea,” akakiri. “Lakini hapo ni mguuni.”

“Hapo ni mguuni, bibi.”

“Rudia kule tumboni.”

Nikarudia.

“Tena.”

Nikarudia tena. Unywele haukutoka kwenye sifuri. Akachungulia kwa jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha akamkabidhi Elia ile kalamu kama anayemrudishia mtu barua yenye aibu. “Dokta,” akasema, “wewe ulisomea wapi?”

Nikamweleza Zuhura kwa maneno ya kawaida: mwali ulielekezwa kwenye kifundo, kinachotawanyika hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali, kama joto la jiko, na kilichofika tumboni mwake hakifikii kile ambacho kila mtu hukipata kwa siku moja kutoka ardhini, kwenye kuta za nyumba na angani. Nikamwambia pia ukweli wote. Sikumwambia kwamba mionzi ni maji ya kunywa. Zipo picha, kama zile za tumbo zinazopigwa kwa mtambo mkubwa wa CT scan, ambazo kwa mjamzito lazima daktari akae, ahesabu, amuulize mtaalamu wa fizikia ya tiba, apime faida na hasara kabla ya kupiga. Ndiyo maana safu ya saba ipo. Ndiyo maana nilikosea kuchora kistari, na nilimwomba radhi kwa hilo mbele ya wote, yeye na mkwewe.

“Sasa mtoto wangu je?” akauliza.

“Picha hii haijamdhuru. Mimba yoyote ina hatari zake nyingine, na hizo zifuatilie kliniki. Lakini kwa picha hii, hapana sababu ya kuitoa. Nitaweka sahihi.” Nikaandika, nikaweka sahihi. Elia naye akaweka yake.

Bi. Mwanahawa aliikunja karatasi ile akaitia kifuani. Wakaanza kuondoka. Walipofika mlangoni, Zuhura akageuka.

“Na yule mwenzangu?”

“Nani?”

“Tulikaa naye benchi moja kliniki, juma lililopita, siku niliyoambiwa mara ya kwanza. Yeye alipigwa mkono. Aliambiwa maneno haya haya. Alikuwa analia kuliko mimi.”

Nilimtazama Elia.

“Wangapi?” nikamuuliza.

“Wawili tu, mzee. Naapa. Hawa wawili.”

Tuliketi na daftari hadi tukampata. Jina lilikuwepo, mtaa ulikuwepo, namba ya simu haikupatikana. Kesho yake Elia aliomba ruhusa, tukaenda pamoja kwa miguu kutoka kituoni, tukiuliza dukani na kwa mjumbe wa shina. Njiani aliniambia jambo moja tu: “Hatukufundishwa hivi, mzee.” Nikamjibu kwamba alifundishwa, sema alikuwa akingojea kengele ya kumaliza kipindi ilie. Ninyi pia nawaambia hivyo hivyo. Msije mkasingizia mtaala.

Tulimkuta uani anaanua nguo. Mwanamke mnene kidogo, mwenye upole, mkono wake wa kushoto bado una bendeji. Alimtambua daktari akashtuka, akatuonyesha viti, akaniamkia. Elia alikuwa ameniomba nizungumze mimi kwa kuwa ni mzee, nikakataa. Basi akazungumza yeye. Alimweleza yote: mwali, umbali, jiko la mkaa, ndoo ya maji. Alieleza vizuri, niseme ukweli. Alikuwa amejifunza kwa usiku mmoja alichokikataa kwa miaka mitano. Akamwambia kwamba alimshauri vibaya, kwamba mkono uko mbali na tumbo, kwamba hakuna sababu ya kufanya lolote.

Mwanamke alimsikiliza mpaka akamaliza. Nguo zilikuwa bado zimejaa mikononi mwake. Aliziweka kwenye beseni, moja moja, akizikunja.

“Nilikwenda juzi,” akasema.

Kuku wa jirani alikuwa akichakura nyuma ya banda. Hakuna aliyemfukuza.

“Kwa hiyo,” akauliza, “alikuwa mzima?”

Elia alinigeukia. Nilimjua mtazamo ule. Ni mtazamo wa mtu anayetafuta fundi wa kumpigia. Katika maisha yangu ya kazi nimewajibia madaktari maswali mengi, nimewasomea picha walizoshindwa kuzisoma, nimewafichia aibu zao mbele ya wagonjwa. Hilo sikumjibia. Nilitazama chini nikangoja.

“Ndiyo, dada,” Elia akasema. “Picha haikumfikia.”